Namba na Jina la Mwezi: Kutoka Mawe ya Lokori hadi Skripti za Kompyuta

1. Utangulizi

Karibu na Lokori, katika bonde la mto Kerio kusini mwa Turkana, pana makaburi ya kale yaliyozungushiwa mawe yaliyosimamishwa wima. Baadhi ya mawe hayo yamechorwa alama zinazofanana na chapa ambazo wafugaji wa nchi hiyo huwapiga mifugo wao. Mahali hapo huitwa Namoratunga, jina ambalo hufasiriwa kuwa ni "watu wa mawe". Mbali kaskazini, karibu na Kalokol, ufukoni mwa Ziwa Turkana, pana mahali pengine panapoitwa kwa jina hilohilo, ambapo zimesimama nguzo 19 za mawe meusi ya volkano. Masimulizi yaliyoenea Turkana husema kwamba nguzo hizo zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, hata wakageuzwa mawe. Mwaka 1978 wataalamu wawili, B. M. Lynch na L. H. Robbins, walitangaza katika jarida la Science kwamba nguzo za Kalokol hazikupangwa ovyo, bali zilielekezwa kwenye nyota fulani ili watu wa kale wapate kuitambua miezi ya mwaka. Tangu hapo jina la Namoratunga halijatengana na suala la kalenda.

Makala haya yanahusu suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: namna namba ya mwezi inavyogeuzwa kuwa jina la mwezi. Katika siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta kwa mistari michache ya amri. Karani wa ofisi fulani Lodwar huwa na faili lenye tarehe zilizoandikwa kwa tarakimu, naye hutaka ripoti yake isomeke "Machi" badala ya 03. Lakini kazi hii ni ya kale kuliko kompyuta. Imefanywa na mabaharia wa pwani, walimu wa vyuo vya Kurani, makarani wa serikali ya kikoloni, wahesabuji wa sensa, na wazee wa wafugaji ambao hawakupata kushika kalamu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kugeuza namba kuwa jina si kuhamisha neno likakaa mahali pa tarakimu. Ni kuchagua mahali pa kuanzia kuhesabu. Asiyejua mwanzo uliochaguliwa hukosea, awe mtaalamu, awe karani, au iwe mashine. Aidha, kosa la namna hiyo halikosi mwenye kulilipia, kama itakavyoonekana katika habari za Kakuma.

2. Nguzo za Kalokol na kosa la mwanzo

Lynch na Robbins walijenga hoja yao juu ya kalenda ya Waborana, ambao wanaishi kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia. Kalenda hiyo ilikuwa imeelezwa kwa urefu na Asmarom Legesse katika kitabu chake kiitwacho Gada, kilichotoka mwaka 1973. Ni kalenda ya miezi 12 ya mwandamo, ambayo jumla yake ni siku 354. Siku zake zina majina 27 yanayozunguka, na miezi yake hutambuliwa kwa kuutazama mwezi wa angani ulivyo karibu na nyota au makundi saba ya nyota. Miongoni mwa hayo ni Kilimia, Aldebaran, nyota tatu za mshipi wa Orion, na Sirius. Katika kalenda hiyo, basi, mwezi haujulikani kwa namba yake. Wajuzi wake, ambao kwa Kiborana huitwa ayantu, huinua macho juu, na mbingu ndiyo inayowaambia jina.

Kwa kuwa nguzo za Kalokol zilidhaniwa kuelekea maawio ya nyota hizo saba jinsi yalivyokuwa kiasi cha miaka 300 kabla ya Kristo, ilisemekana kwamba huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa elimu ya nyota ya kale katika Afrika kusini mwa Sahara. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha, na si ajabu. Kwa muda mrefu Waafrika walikuwa wameelezwa katika vitabu vya wageni kuwa watu wasio na hesabu ya wakati.

Hata hivyo, mwaka 1982 Robert Soper, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya uchunguzi wa makaburi ya karibu na Lokori, alizipima upya nguzo za Kalokol na kuonyesha katika jarida la Azania kwamba vipimo vya awali vilikuwa na dosari. Pembe zilikuwa zimepimwa kwa dira, lakini tofauti baina ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli haikuwa imesahihishwa. Yaani hesabu yenyewe ilikuwa sawa, ila ilianzia mahali pasipo pake. Mwaka 1986 Laurance Doyle alijaribu kuifasiri upya kalenda ya Waborana kwa kutumia vipimo vilivyosahihishwa, na mjadala ukaendelea. Kisha mwaka 2018 Elisabeth Hildebrand na wenzake walitangaza matokeo ya uchimbaji wao katika Lothagam, mahali pengine penye nguzo upande huohuo wa ziwa. Waligundua kwamba pale palikuwa makaburi ya pamoja ya wafugaji wa kwanza wa nchi hiyo, yaliyojengwa yapata miaka 5,000 iliyopita, na kwamba waliozikwa humo walikuwa si chini ya mamia kadhaa. Kwa kuwa nguzo za Kalokol zahesabiwa kuwa za desturi hiyohiyo, ni dhahiri kwamba tarehe ya miaka 300 kabla ya Kristo haiwezi tena kuwa msingi wa kuisoma mipangilio yake.

Mambo mawili yanapatikana katika mjadala huu. Kwanza, heshima ya watu wa Turkana haitegemei nguzo za Kalokol ziwe kalenda. Kalenda yao i hai katika lugha yao, nayo yatosha kuchunguzwa. Pili, jina moja la Namoratunga limebeba mahali pawili, Lokori na Kalokol, na waandishi wengi wamechanganya habari za makaburi na habari za nguzo. Jina moja lenye maana mbili ndilo jambo litakalokutwa tena katika majina ya miezi.

3. Mfungo: namba iliyogeuka jina

Kabla ya kuingia bara yafaa kutazama pwani, kwa sababu Waswahili wenyewe wana mfano ulio bora kuliko yote wa namba iliyogeuka kuwa jina. Katika mwaka wa Hijra mwezi wa kwanza ni Muharram. Lakini Mswahili wa zamani, na wengi wa Lamu na Unguja mpaka leo, humwita Muharram kwa jina la Mfungo Nne. Safar ni Mfungo Tano, na mwezi yanamosomwa Maulidi, ambao kwa Waarabu ni Rabi wa kwanza, ni Mfungo Sita. Idi ya kuchinja huwa siku ya kumi ya Mfungo Tatu.

Sababu yake yajulikana. Waswahili hawakuanza kuhesabu kutoka Muharram, bali kutoka kufungua kwa Ramadhani. Mwezi unaofuata Ramadhani ndio Mfungo Mosi, na jina lenyewe, ambalo pia hutamkwa Mfunguo, limetoka katika kufungua huko. Hesabu huenda hivyo hadi Mfungo Tisa. Kisha huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani, miezi mitatu mitukufu isiyohitaji namba kwa sababu kila mtu huijua. Atakaye kugeuza Mfungo kuwa namba ya mwezi wa Hijra na aongeze tisa, na ikiwa jumla imepita 12, na atoe 12. Mfungo Mosi ni mwezi wa 10. Mfungo Nne ni mwezi wa kwanza. Mfungo Sita ni mwezi wa tatu. Kanuni ni fupi na haina ila. Lakini mgeni asiyeijua akisoma katika barua ya kale "Mfungo Nne" akaandika "mwezi wa nne", ameipotosha tarehe kwa miezi mitatu, na barua yote imeharibika.

Waswahili hawako peke yao katika jambo hili. Warumi wa kale walianza mwaka wao mwezi wa Machi, na kwa hiyo Septemba kwa Kilatini ni "wa saba", Oktoba "wa nane", Novemba "wa tisa" na Desemba "wa kumi". Mwanzo wa mwaka ulipohamishwa hadi Januari majina hayakuhama nao. Mwezi wa tano na wa sita katika hesabu hiyo ya kale, Quintilis na Sextilis, ilibadilishwa majina kwa ajili ya Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo na Augustus mwaka 8 kabla ya Kristo. Ndiyo Julai na Agosti. Kila mtoto wa shule asemaye leo kwamba Desemba ni mwezi wa 12, kwa asili ya maneno asema kwamba "wa kumi" ni wa kumi na mbili, wala hapana anayeshangaa.

Namna hii ya kufikiri imo pia katika saa. Mswahili aitazamapo saa ya ukutani mshale ukiwa kwenye 7 husema ni saa moja, kwa kuwa hesabu yake yaanzia kupambazuka, na hubadilisha namba kichwani bila kujua kwamba anabadilisha. Hivyo ni kosa kudhani kwamba tarakimu ni kitu safi na jina ni kitu cha mapokeo. Tarakimu nazo zina mapokeo yake.

4. Majina ya Kiturkana na ya Kiteso

Mwaka wa Mturkana una nyakati kuu mbili: akiporo, wakati wa mvua na majani, na akamu, wakati wa kiangazi. Ndani ya nyakati hizo imo miezi yenye majina. Katika ulinganisho uliozoeleka, Lorara huwekwa mahali pa Novemba, Lomuk mahali pa Desemba, Lokwang' mahali pa Januari, Lodung'e mahali pa Februari, na Lomaruk mahali pa Machi, mvua kubwa zinapongojewa. Katika Lokwang' unasikika mzizi wa neno la weupe, nao wapatana na nchi iliyokauka na jua la kiangazi. Jina, kwa hiyo, laeleza hali ya nchi. Halielezi nafasi ya mwezi katika safu.

Waturkana ni ndugu wa Wateso, Wakaramojong, Wajie na Watoposa, na lugha zao ni za ukoo mmoja. Wateso wanaishi Uganda mashariki, na wengine Kenya magharibi, katika nchi yenye mvua nyingi kuliko bonde la Kerio. Miezi yao, kama ilivyoorodheshwa katika hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, inayotunzwa na shirika la Unicode, huanza hivi: Orara, Omuk, Okwang', Odung'el, Omaruk. Msomaji hahitaji kujua Kiteso ili aone kwamba haya ni majina yaleyale ya Kiturkana, nayo yamefuatana kwa utaratibu uleule. Hata mwezi unaotangulia Orara, yaani Opoo, unalingana na Lopoo ya Kiturkana inayotangulia Lorara.

Lakini namba si zilezile. Orara ya Kiteso imewekwa kuwa Januari, ilhali Lorara ya Kiturkana huwekwa Novemba. Okwang' ni Machi. Lokwang' ni Januari. Safu ni moja, ila imesogezwa kwa miezi miwili. Mtu akitunga programu kwa ajili ya Turkana, na kwa uvivu akachukua orodha ya Kiteso akiibadilisha herufi za mwanzo tu, majina yote yatakuwa ya kweli na tarehe zote zitakuwa za uongo. Hili ndilo kosa baya kuliko mengine, kwa kuwa halionekani kwa macho. Neno la ajabu hushtua. Neno la kawaida lililokaa mahali si pake hupita.

Lugha nyingine za Kenya zilipoingizwa katika hazina hiyo zilifuata njia mbalimbali. Kijaluo kiliweka hesabu: Dwe mar Achiel, yaani mwezi wa kwanza, na kuendelea. Kisamburu kadhalika: Lapa le obo. Kikalenjin kiliweka majina yake ya asili, yanayoanza na Mulgul na kumalizika na miezi miwili ya Kipsuunde, wa kwanza na wa pili. Kiswahili kiliweka majina yaliyokopwa, Januari hadi Desemba, ingawa katika mazungumzo ya kila siku, kuanzia Mombasa hadi Kongo mashariki, watu husema "mwezi wa tatu" mara nyingi kuliko "Machi". Kila njia ina faida yake. Njia ya hesabu haina utata kwa karani, bali haimwambii mfugaji neno lolote juu ya malisho. Njia ya majina ya asili humwambia mfugaji mengi, bali ni lazima kwanza akubali kwamba mwezi wa malisho, ambao hungojea mvua, ufungwe na mwezi wa serikali, usiongojea kitu.

E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake juu ya Wanuer kilichotoka mwaka 1940, alionyesha jambo la kufanana na hili. Kwa Wanuer si jina la mwezi linaloamuru kazi. Kazi inayofanyika, kama kuhamia kambi au kurudi kijijini, ndiyo inayojulisha mwezi. Maneno hayo hayakuandikwa juu ya Waturkana, lakini Wanuer wengi walikuja kuishi Turkana katika mazingira ambayo hayakutazamiwa na mtaalamu huyo.

5. Kakuma na tarehe mosi Januari

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, hasa kwa ajili ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia baada ya kufukuzwa na vita. Baadaye walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na watu wa mataifa mengine. Hivyo kalenda kadhaa zilikutana mahali pamoja, kando ya mto mkavu wa Tarach. Msomali Mwislamu alikuja na miezi ya mwandamo, ambayo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Mwethiopia alikuja na mwaka unaoanza tarehe 11 Septemba, au 12 katika baadhi ya miaka, wenye miezi 12 ya siku 30 na mwezi wa 13, Pagume, wa siku tano au sita. Wanuer na Wadinka walikuja na miezi inayofuata mvua na ng'ombe. Fomu za usajili zilikuja na mraba wa siku, mraba wa mwezi na mraba wa mwaka.

Hapa kazi ya kugeuza iligeuka kinyume: si namba iwe jina, bali jina liwe namba. Mama aliyesema kwamba mwanawe alizaliwa wakati wa kurudi kambi za ng'ombe, mwaka wa gharika fulani, alikuwa ametoa tarehe, tena tarehe ambayo jirani zake wangeielewa. Lakini mraba wa mwezi haukuwa na nafasi kwa ajili yake. Desturi iliyojulikana ikawa kuandika tarehe mosi Januari. Vijana wa Sudan zaidi ya 3,000 walipochukuliwa kutoka Kakuma kwenda kuishi Marekani katika miaka ya 2000 na 2001, wengi wao walifika huko wakiwa na siku moja ya kuzaliwa, 01-01, kana kwamba walikuwa pacha wa mama mmoja.

Wengine wamelichukua jambo hilo kama kichekesho. Si kichekesho. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa 12 akaandikwa 01-01 ya mwaka uleule ameongezewa umri wa karibu mwaka mzima. Umri ndio unaoamua nani aingie darasa gani, nani ahesabiwe mtoto na nani mtu mzima, nani apewe mlezi na nani aachwe ajitegemee. Mwenye miaka 17 anaweza kufanywa kuwa na miaka 18 kwa kalamu. Aidha, 01 iliyoandikwa kwa kutojua haitofautiani hata kidogo na 01 ya mtu aliyezaliwa Januari kweli. Karatasi imesahau kwamba haikujua.

Waturkana wenyewe wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Miaka yao hukumbukwa kwa majina ya matukio. Lopiar, kwa mfano, ni jina la ukame mkubwa uliofagia mifugo karibu na mwaka 1980. Wahesabuji wa sensa nchini Kenya wamekuwa wakitumia kalenda za matukio kama hayo: mzee huulizwa alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa tukio fulani, kisha mhesabuji hutafuta namba. Njia hiyo ni ya busara, kwa sababu humwendea mtu katika hesabu yake mwenyewe kabla ya kumhamisha katika hesabu ya serikali.

6. Skripti za sheli na makosa yake

Kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi, ina programu ipokeayo amri zilizoandikwa, nayo huitwa sheli. Iliyo maarufu katika historia ni ile iliyotungwa na Stephen Bourne na kutolewa pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Mrithi wake, Bash, alitolewa na Brian Fox mwaka 1989. Mfululizo wa amri uliohifadhiwa katika faili ili urudiwe kila utakapo huitwa skripti. Kugeuza namba ya mwezi kuwa jina ni miongoni mwa mazoezi ya kwanza ya mwanafunzi wa skripti, nako hufanywa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni jedwali la wazi: ikiwa 01 andika Januari, ikiwa 02 andika Februari, hadi 12. Ni njia ndefu, lakini kila kitu ki mbele ya macho, na mtungaji huweza kuongeza mstari wa mwisho usemao kwamba namba nyingine yoyote ni kosa. Mstari huo haufai kusahauliwa. 13 ya Pagume ikiingia katika jedwali lisilo na mstari huo, sheli hunyamaza na mwezi hutoweka.

Njia ya pili ni kuyapanga majina katika safu na kumwita mwezi kwa nafasi yake. Hapa mwanzo wa kuhesabu hujitokeza waziwazi. Bash huanza kuhesabu safu kutoka sifuri; Januari imekaa nafasi ya 0, na anayeomba nafasi ya 3 hupewa Aprili. Hili ndilo kosa la "Mfungo Nne" likiwa limevaa nguo mpya. Wengi huliepuka kwa kuweka neno la bure mahali pa sifuri, au kwa kutoa moja katika namba.

Lakini lipo kosa jingine lililojificha zaidi. Katika hesabu za Bash, namba inayoanza na sifuri huchukuliwa kuwa imeandikwa kwa mfumo wa nane, usiokuwa na tarakimu 8 wala 9. Kuanzia 01 hadi 07 hakuna tofauti, na majina hutoka sawasawa. Ikifika 08, sheli hulalamika kwamba tarakimu imezidi kipimo. 09 vivyo hivyo. Ikifika 10, ambayo haianzi na sifuri, kazi huendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Skripti iliyotungwa Januari na kusifiwa miezi saba huanguka Agosti na Septemba, kisha huponyoka yenyewe Oktoba. Dawa yake ni kuiondoa sifuri ya mbele, au kuiambia sheli wazi kwamba hesabu ni ya kumi. Mtu hudhani kwamba 08 ni namba tu. Kumbe nayo ina mapokeo.

Njia ya tatu ni kuiuliza kompyuta yenyewe kwa amri ya date, ikitumia kanuni za lugha na nchi. Katika mifumo ya Linux zipo kanuni za Kiswahili cha Kenya, sw_KE, na cha Tanzania, sw_TZ. Zikiwa zimewekwa, mwezi wa 03 hutoka "Machi". Zisipokuwa zimewekwa, mashine haikatai. Huandika jina la Kiingereza bila kutoa onyo. Tena, amri hiyo ikiombwa mwezi uliopita siku ya tarehe 31 Machi, hutafuta tarehe 31 Februari, na kwa kuwa siku hiyo haipo, husonga mbele na kurudi katika Machi. Karani atapata ripoti mbili za Machi na asipate ya Februari. Tahadhari inayopendekezwa ni kuhesabu kutoka katikati ya mwezi, kwa mfano tarehe 15, ambayo kila mwezi unayo.

Makosa yote haya yana asili moja, na si asili ya chuma wala umeme. Safu yaanzia wapi? Tarakimu ni za mfumo gani? Majina ni ya lugha gani? Siku ni ya mwezi upi? Haya ni maswali ambayo mwalimu wa chuo cha Lamu angeyauliza kabla ya kusoma tarehe ya barua, na ambayo mzee wa Lokori angeyauliza kabla ya kukubali kwamba Lomaruk imeingia.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba namba ya mwezi na jina la mwezi si maneno mawili ya kitu kimoja. Namba hueleza nafasi katika safu, na safu huwa na mwanzo. Jina hueleza ama hesabu nyingine iliyosahauliwa, kama Mfungo na Septemba, ama hali ya nchi, kama Lokwang'. Daraja baina ya viwili hivyo ni kanuni, nayo ni lazima itajwe.

Kutokana na hayo mambo matatu yastahili kuzingatiwa na wale wanaotunga programu kwa ajili ya ofisi za kaunti, zahanati na shule za Turkana. Kwanza, tarehe ihifadhiwe kwa namba kwa utaratibu wa mwaka, mwezi na siku, kama ulivyowekwa na kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 tangu mwaka 1988, na jina litolewe wakati wa kuonyesha tu. Pili, kila orodha ya majina iandikwe imetoka kwa watu gani na imelinganishwa na kalenda ipi, ili Orara isije ikachukuliwa kuwa Lorara. Tatu, na hili ndilo kubwa, pale ambapo tarehe ilitolewa kwa maneno ya mzazi, maneno yenyewe yahifadhiwe kando ya namba. Namba iliyokisiwa huweza kusahihishwa baadaye ikiwa maneno yapo; yakitupwa, hakuna mjuzi wa sheli wala wa nyota awezaye kuyarudisha.

Mawe ya Lokori yanaendelea kusimama juu ya watu ambao majina yao hayajulikani. Alama zilizochorwa juu yake pengine ziliwaambia waliopita habari za ukoo na mifugo. Mtoto wa Kakuma aliyeandikwa 01-01 naye amebeba alama aliyochorewa na mwingine. Tofauti ni kwamba mama yake yungali awezaye kuulizwa.